Jibu: Alama sawa, mbona mshindi mmoja?

Ndugu, umeuliza kuhusu ubingwa wa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo) wa Marekani: inakuwaje wawili wapate alama sawa, halafu aliyeshinda mkondo wa kwanza akose ushindi wa siku?

Kila raundi, yaani siku moja ya mashindano, ina mikondo miwili (mbio mbili), kila mmoja dakika 30 na mizunguko miwili juu yake. Wa kwanza anapata alama 25, wa pili 22. Kwa hiyo aliyemaliza wa kwanza kisha wa pili ana 47, na aliyemaliza wa pili kisha wa kwanza ana 47 vilevile. Hapo huangaliwa mkondo wa pili, na aliyefanya vizuri zaidi humo ndiye mshindi.

Kwangu hiyo ni haki kabisa. Mchana, kwenye mkondo wa pili, njia imeshachimbika, kila kona ina mifereji mirefu inayomeza gurudumu la mbele, na mikono ya dereva imekaza mpaka kubana klachi ni mateso. Kushinda hapo si mchezo.

Ndiyo maana msimu wa 2023 wa dereva Jett Lawrence bado unanisisimua: raundi 11, mikondo 22, akashinda yote, tena ukiwa msimu wake wa kwanza daraja la 450 (pikipiki za injini ya hadi cc 450)! Kabla yake waliowahi kushinda mikondo yote ya msimu ni Ricky Carmichael, mwaka 2002 na 2004, na James Stewart mwaka 2008. Kwa msimu wa namna hiyo, hesabu za kulingana alama hazikuhitajika kumpata bingwa.