Kuhamia Brooks, Alberta, Kanada, bila gari

Habari ndugu. Umeuliza kama utaweza kuishi Brooks bila gari ukifanya kazi kiwanda cha nyama, na kama mkeo na watoto watazidiwa na upweke.

Kwanza angalia zamu yako. Kiwanda kiko nje ya mji, upande wa magharibi, na baridi ya nyuzi -30 si ya kutembea usiku. Tafuta mwenzako wa zamu mchangie mafuta. Ukija kununua gari, tazama mbele kama lina waya wa plagi. Huo unachomekwa kwenye umeme usiku ili injini isigome asubuhi.

Upweke usikutishe. Mji una watu kama 15,000 tu, lakini kiwanda kimevuta Wasomali, Wasudani, Waethiopia na Wafilipino, kwa hiyo watoto hawatakuwa wageni peke yao darasani. Wapeleke wakawaone Brooks Bandits, vijana wa hoki ya barafuni waliotwaa ubingwa wa Kanada wa daraja lao 2013, 2019, 2022 na 2023. Pale uwanjani majirani wanafahamiana haraka kweli. Mkeo naye aanze darasa la Kiingereza mapema, asisubiri mmalize kupanga nyumba. Kodi za nyumba za sasa waulize walioko huko.