Mlikula nini jana?

Swali lenu la wiki: wakati wa korona, mashirika ya elimu ya watoto wadogo yalibadilika vipi ili kuzifaa familia? Mimi ni mwalimu wa chekechea Kisauni, Mombasa, na jibu langu linaanzia kwenye kosa.

Shule zilipofungwa Machi 2020, shirika dogo linalotusaidia vitabu lilikuja mbio na video za nyimbo na kuhesabu, kila asubuhi kwenye grupu ya WhatsApp. Tukajipongeza. Siku ya nne mama mmoja akanipigia: "Mwalimu, video yako imemaliza bando langu lote, na hii simu yenyewe ni ya baba yake." Kati ya wazazi wangu 31, wenye simu janja hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa na kabambe, simu ndogo za vitufe zisizocheza video.

Lakini simu haikuwa shida kubwa. Wengi wao walikuwa wafuaji na wapishi kwenye hoteli za ufukweni, na hoteli zilikuwa zimefungwa. Mtoto wa miaka minne mwenye njaa utamhesabisha nini?

Wale watu wa shirika, nawapa haki yao, walisikia. Video zikaachwa. Wakaanza kuzipigia familia moja moja kila wiki, baada ya saa moja jioni, kafyu ikishaanza, maana hapo simu na mwenye simu wote wako ndani. Swali la kwanza halikuwa la masomo: mlikula nini jana? Pesa za semina zetu zikageuka unga, maharagwe na sabuni, na kila mfuko ukawekwa karatasi yenye maandishi makubwa. Pangeni vikombe kutoka kidogo hadi kikubwa. Hesabuni hatua mpaka bombani. Hakuna cha kununua hapo.

Kuna bibi mmoja asiyejua kusoma ambaye hakuihitaji hata hiyo karatasi. Nilimkuta barazani na mjukuu wake wanachambua maharagwe, mtoto anatenga vijiwe mafungu ya tano tano. Akaniuliza kwa haya kama hilo nalo ni somo. Wallahi, sijawahi kufundisha tano vizuri kuliko vile.

(Wenye televisheni walikuwa na vipindi vya masomo ya watoto vya shirika la Ubongo kutoka Dar es Salaam. Mtaani kwangu nyumba hizo unazihesabu.)

Lawama yangu ni moja. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 2020. Wadogo wetu walisubiri hadi Januari 2021. Mshahara wangu hutoka kwenye karo, na karo ilikatika siku ile ile ya kufunga. Niliuza viazi karai. Mifuko ya unga niliibeba mimi mwenyewe mlango kwa mlango, kisha narudi kwangu kuupima wangu kwa kikombe. Miezi yote hiyo nilikaa na simu yangu jioni, na hakuna aliyenipigia kuniuliza nilikula nini jana.