Kwenu Mnaokaa Karibu na Printa

Juzi mmoja wenu alikuwa anatokwa jasho mbele ya kompyuta huku kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa chake. Nilipopita akaificha shiti ya Excel haraka haraka, akabaki anaitazama kalenda tupu kama mtu anayesubiri sikukuu. Nikamwuliza kuna nini. "Hakuna kitu, dada."

Jasho lile nalijua. Nimelitoa mwenyewe, tena kwenye kiti hicho hicho, kabla hakijabadilishwa kitambaa. Nikavuta stuli, tukafungua shiti pamoja, na kweli: kolamu moja imepangwa upya, wenzake wamebaki walipokuwa. Nikamwuliza amejua tangu lini. Akaniambia tangu jana asubuhi.

Basi nimeamua kuandika, maana mwaka huu huyu ni wa tatu, na kila mmoja nimemsimulia kivyake hadi koo limekauka.

1. Majina ya faili. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, nazo zitajipanga zenyewe bila kuombwa. Neno "mwisho" sitaki kuliona. Sijawahi kukutana na "ripoti_mwisho" ambayo haikuzaa "ripoti_mwisho2", na mjukuu wake "ripoti_mwisho_kabisa_ndiyo_hii".

2. Barua pepe: weka kiambatisho kwanza, andika maneno, anwani ijazwe mwisho kabisa. Hapo hata kidole kikiteleza, barua haina pa kwenda.

Na hiyo Cc mnayoigawa kama njugu, mnajua ilikotoka? Ni nakala ya kaboni. Zamani za taipureta ulipachika karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili, na ukitaka nakala nne au tano ilibidi ugonge vibonye kwa nguvu mpaka vidole viume, na ile ya chini kabisa bado ilitoka hafifu kama ndoto. Mtu alifikiri kabla ya kumwongezea mwingine nakala. Sasa ni bure, ndiyo maana kuna mmoja wenu alimwekea mkuu wa idara nakala kwenye barua ya kuomba wino wa printa. Aliyeombwa wino aliichukua kama tangazo la vita, na akajibu naye kwa kumwekea nakala mkuu wa mkuu. Wino ulikuwa kabatini muda wote.

"Jibu kwa wote" sitaisemea sana. Ila ukiona watu arobaini wamejibu "Hongera" kwa ofisi nzima, usiwe wa arobaini na moja unayeandika "Jamani tuache kujibu kwa wote", kwa wote.

3. Kolamu. Hapa mtanivumilia.

Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kazini, dawati la utumishi. Nikapewa kazi ya kumtumia kila mfanyakazi barua ya salio lake la likizo kabla mwaka haujaisha. Watu 317. Data nikaikusanya kwa siku mbili kutoka kwenye kadi za likizo, moja baada ya nyingine, na naapa ilikuwa safi. Namba ya mtumishi, jina, idara. Kisha, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda vitu vizuri, nikaacha kolamu moja tupu ili jedwali lipumue. Baada ya hapo ndipo nikaweka siku zilizobaki. Majina niliyapanga kwa alfabeti. Mkiiangalia ile shiti mngedhani imepigwa pasi.

Alhamisi mchana mkuu akapita, akauliza bila hata kusimama, "Hivi mwenye siku nyingi zaidi ana ngapi?" Nikabofya kwenye siku, nikapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Sasa, Excel ikikutana na kolamu tupu inahesabu kwamba hayo ni majedwali mawili majirani wasiohusiana. Haikuonyi, haikuulizi. Ikazipanga siku peke yake, na majina yakabaki yamesimama wima kama askari wa gwaride. Nikaona juu kabisa 58. Nikamwandikia mkuu: "58." Nikahifadhi. Nikafunga. Mnajua maana ya kuhifadhi na kufunga: Ctrl+Z, ile ya kutengua ulichofanya, haikufuati huko.

Kwa nini sikutazama tena? Niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Kwenye droo ya chini kulikuwa na riwaya ya upelelezi iliyobakiza kurasa 31. Mpelelezi alikwisha kuwakusanya wote sebuleni, mlango umefungwa, na mmoja wao ni muuaji. Nilikuwa nimeisoma kwa wiki nzima kwa kuiba, droo ikiwa nusu wazi na goti likiishikilia isijifunge. Nikataka zile barua zitoke ili nipate dakika ishirini za amani kabla ya kutoka kazini. Nikaunganisha shiti na barua, nikabonyeza, barua 317 zikaondoka kwa mkupuo. Sikufungua hata moja kuilinganisha na kadi.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili simu ilipolia. Kijana aliyeajiriwa miezi minne kabla, jina lake linaanza na A, ananishukuru kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani: "Dada, siku 58! Sikujua mnajali hivi." Nikacheka nikijua ni utani. Simu nyingine: herufi A tena, 55. Nikaacha kucheka.

Kisha akashuka mzee wa masijala. Jina lake linaanza na Z. Alikuwa hajachukua likizo muda mrefu, anaziweka siku zake kama mtu anayeweka akiba ya kujenga. Alikuwa ameiprinti barua. Akaiweka juu ya dawati, akaisawazisha kwa kiganja, akavaa miwani, akanionyesha kwa kidole: hasi 3. "Mwanangu," akasema taratibu, "siku za likizo siku hizi mnagawa kwa alfabeti?"

Nilihisi miguu imekuwa maji.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, mkuu alikuwa ofisini kwake, hatua kumi na tano. Badala yake nikamwambia mzee, "Nitaangalia, mzee wangu," na alipogeuka tu nikatafuta kile kitufe cha kurejesha barua iliyokwisha kutumwa. Msikiguse. Siku zile kiliweza kuondoa barua ambayo haijafunguliwa tu, kwa walio ndani ya mfumo uleule, na mara nyingi kilichofika kwa watu ni taarifa kwamba fulani anataka kuirudisha barua yake. Hakuna barua inayosomwa haraka kama ile ambayo mwenyewe anaitaka irudi. Waliokuwa hawajafungua wakafungua. Waliokwisha kufungua wakaprinti.

Mkuu alipotoka kuuliza kelele za nini, nikatamka neno ambalo bado linanichoma: "Ni mfumo." Mfumo! Akaitwa fundi wa kompyuta. Maskini yule kaka alikaa mpaka giza linaingia anautafuta ugonjwa kwenye mfumo mzima, mimi niko pembeni namshikia waya ambao haukuhitaji kushikwa. Mwishowe akaomba aione shiti. Akaitazama. Akaweka kidole kwenye kolamu tupu, kimya. Akanitazama mimi, kimya vilevile. Akafunga begi lake. "Mfumo uko salama, dada," akasema, akaondoka. Hakumwambia mtu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Asubuhi nikaenda kwa mkuu kabla hajakaa, nikasema yote, isipokuwa riwaya. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nimekoseaje, hata shiti niliichapa na kuizungushia kalamu nyekundu. Hakuitazama. Aliuliza kitu kimoja: "Ulijua tangu saa ngapi?" Nikasema tangu saa tisa na nusu. Akanyamaza. Kisha akanieleza, wala hakupandisha sauti, kwamba saa tisa na nusu ilikuwa sentensi moja: barua mlizopata zina makosa, puuzeni, sahihi zinakuja. Lakini kati ya saa hiyo na asubuhi, wakuu wawili wa vitengo walishaidhinisha likizo za watu kwa kutumia barua zangu, na mmoja wa akina A alishakata tiketi ya safari na kulipa. Tulichukua wiki tatu kuyanyoosha. Siku za watu wote 317 nilizirudia kutoka kwenye kadi, kwa mkono, na tiketi ile ilijadiliwa kwenye vikao viwili.

Kwa hiyo mkiniona nauliza "tangu lini", sifanyi upelelezi. Nahesabu ni barua ngapi tunaweza kuziwahi.

4. Kwa wanaopenda maelekezo mafupi: msiache kolamu tupu katikati ya jedwali, kila mstari uwe na namba yake, na kabla ya kutuma linganisha mitatu na chanzo: wa juu, wa katikati, wa mwisho. Nakala ya shiti asilia isiguswe na mtu.

5. Namba zinazoanza na sifuri: geuza kolamu iwe maandishi kabla ya kubandika, la sivyo sifuri zitaliwa. Tarehe ni balaa lake. Mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kwamba wamebadilisha majina kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Watu wa maabara waliona bora wabadilishe jeni kuliko kubishana na shiti. Mwaka huo huo, Uingereza ikakuta visa 15,841 vya korona vimechelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu ya faili la muundo wa zamani, ule unaokomea mistari 65,536. Wa sasa unafika 1,048,576. Nawaambia haya ili mjue wenzenu katika makosa ni wengi na wana vyeo. Hayawapi ruhusa ya kuficha shiti nikipita.

6. Printa. Karatasi ikikwama, aliyeikwamisha ndiye anaitoa. Kuondoka kwa kunyata kana kwamba mmekuja kunawa mikono hakumdanganyi mtu, jina lenu limeandikwa kwenye foleni.

7. Kikao kikiisha, andika muhtasari siku ile ile.

8. Vitabu. Nasikia mnaogopa kusoma mchana kwa sababu mtu akikuona na kitabu anauliza, "Una mtihani?" Na ukijibu hapana, anavuta kiti akupe maongezi, maana kwake asiye na mtihani yuko bure. Ukiwa na simu unatazama vichekesho saa nzima, hakuna anayekuuliza mtihani. Someni tu. Mapumziko ni yenu, kitabu kiwe juu ya meza, jalada linaonekana, na saa ikifika kifungeni mkiwa mmeweka alama. Mimi nilikificha kwenye droo nikasoma wiki nzima nusu nusu huku nikifanya kazi nusu nusu, na sikumbuki vizuri hata jina la yule mpelelezi.

Zile kurasa 31 nilirudi kwazo wiki tatu baadaye, barua sahihi zilipokwisha kutoka. Nilikiweka kitabu mezani, mchana kweupe. Mzee wa masijala akashuka na barua yake mpya mkononi, siku zake zote ziko sawa, ametabasamu. Akakiona kitabu. Akavaa miwani, akasoma jalada, akainama sikioni mwangu.

"Muuaji ni daktari," akasema, akapanda ngazi kurudi kwenye mafaili yake.