Kabla hujauza pikipiki ukampime ubongo, soma hapa

Usiuze hiyo pikipiki. Umeandika kaka yako ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wiki iliyopita kamrushia shemeji sufuria, unataka MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili, ionyeshe sehemu ya ubongo inayomfanya awe mkali, halafu unauliza wapi bei nafuu. Aisee nimejiona mimi wa 2019.

Mimi niliuza ng'ombe wa mama. Kipimo 450,000, nauli na kulala mjini mbali, mdogo wangu akaingizwa kwenye lile lidude linalogonga kama wanatengeneza masufuria ndani, picha ikatoka safi. Hapo ndo balaa lilipoanzia, maana kuna jamaa pale wa koti jeupe (mpaka leo sijui alikuwa daktari au muuza soda) akasema ubongo hauna kitu, hizo dawa ndo zinamzubaisha, mpumzisheni. Na mimi na elimu yangu nikaitikia! Tukaacha haloperidoli, dawa yake ya akili. Wiki mbili za kwanza kachangamka, anachota maji, anatania watoto, nikatamba kwa ukoo mzima. Wiki ya tano usingizi ukakata, usiku kucha anazunguka uani, akawa ananusa ugali kabla ya kula, eti mama kaweka sumu. Wiki ya saba akashika mchi. Mkono wa mama ulivunjika, mpaka leo anasonga ugali kwa kushoto na hataki mtu amsaidie. Yule koti jeupe nikikutana naye... basi, nisije fungiwa akaunti.

Daktari wa akili alikuja kunieleza baadae, tena bila kunicheka. Kweli ubongo unatofautiana, tangu 1976 kina Eve Johnstone pale London walionyesha kwa CT, picha ya eksirei ya kompyuta, kwamba vile vyumba vya maji ndani ya ubongo ni vikubwa zaidi kwa wagonjwa wa muda mrefu, na MRI zikaja kuonyesha hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu) na amigdala (sehemu ya hofu na hisia) zimepungua kidogo. Ila hiyo ni wastani wa kundi mkuu, wastani! Mgonjwa mmoja mmoja picha yake inaweza kuwa sawa na yako wewe unayesoma hapa, na kuhusu ukali ndo kabisa tafiti zinapishana, huyu kaona amigdala, yule kaona sehemu ya mbele juu ya macho. Hakuna anayeweza kushika filamu akakwambia huyu atapiga mtu. Kama aligonga kichwa au anadondoka kifafa hapo sawa, daktari mwenyewe ataandika kipimo. Ile filamu ya kwetu mama kazibia dirisha la choo, walau inafanya kazi.

Na wengi wenye ugonjwa huu hawampigi mtu, wao ndo wanapigwa mtaani. Ukali mara nyingi unakuja dawa ikikatika, au bangi na pombe zikiingia, au akiamini kuna mtu anataka kumuua. Sasa wewe kwenye maelezo yako yote hujasema hata neno moja kama anameza dawa! Wa kwangu alikuwa anaficha vidonge chini ya ulimi hata kabla hatujaacha, tukaja kuvikuta kwenye soksi, sahivi anachoma sindano ya mwezi na anafuga kuku.

Nenda kahesabu vidonge vyake sasa hivi, angalia na chini ya godoro, urudi hapa utuambie vimebaki vingapi.