Bangili Yangu na Alama 24 kwa 40

Walimu wapya mnaoripoti shuleni hapa Nairobi, mtaelezwa mengi kuhusu maazimio ya kazi. Mimi nitawaeleza kuhusu mnachovaa mkononi.

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya Eastlands. Shemeji yangu akanipa bangili ya shanga za njano na kijani. Nilijua ni rangi za UDA, chama kilichokuwa kikishindana na muungano wa Azimio. Nikaivaa kazini, sikuona ubaya.

Siku ya tatu nilikuwa nasahihisha insha, mwanafunzi mmoja amesimama kando ya meza akingoja daftari. Kalamu nyekundu hakuiangalia. Macho yalikuwa kwenye bangili. Nikaandika 24 kwa 40. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni kwa sababu baba ni wa Azimio?"

Insha ile ilistahili 24. Nilimwonyesha makosa ya upatanisho wa ngeli moja baada ya jingine, naye akaitikia "ndiyo mwalimu" kila mara, lakini niliona hasadiki. Bangili niliivua jioni hiyo hiyo. Yeye alikaa muda mrefu sana bila kuja mezani kwangu kwa hiari.

Watoto wetu wanazisoma rangi kabla hawajasoma Katiba. Tangu kura ya maoni ya 2005 kuhusu rasimu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya Ndiyo na chungwa alama ya La, alama hizi zimekuwa lugha ya nyumbani. Na katika mitaa kama Kibera na Mathare wapo wazazi waliofukuzwa manyumbani mwao baada ya uchaguzi wa 2007 kwa kudhaniwa tu walimpigia kura fulani. Hofu hiyo mtoto huingia nayo darasani.

Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza mtumishi wa umma kuonyesha, akiwa kazini, kwamba anaunga mkono au kupinga chama. Basi fulana na leso za kampeni zibaki nyumbani. Kagueni pia kava ya simu, kishikio cha funguo, na picha yako ya WhatsApp ikiwa umo kwenye kundi la wazazi. Sweta la njano halina neno; lenye wilbaro, alama ya UDA, lina neno. Bangili ya bendera ya Kenya mimi naivaa bila wasiwasi.

Msiogope kufundisha siasa yenyewe. Elezeni vyama, bunge, kaunti. Wakikuuliza utampigia nani, waambie kura ni siri, kisha uwaeleze kwa nini ni siri; hilo ni somo zuri mno.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Madarasa mengi yatageuka vituo vya kura, na baadhi yenu mtakuwa makarani wa IEBC, tume ya uchaguzi. Mzazi atakayekukabidhi kitambulisho chake siku hiyo huenda ndiye baba wa yule unayemsahihishia insha leo.