Kabla Hujataja Umri wa Jiwe la Chokaa

Jiwe la kwanza nililoachiwa nilipime umri peke yangu, nilikosea kwa miaka ipatayo milioni 20. Mazingira yake nayo nikayakosea.

Lilikuwa jiwe la chokaa. Nililikata na kulisaga mpaka likabaki utando wa unene wa milimita 0.03, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa hadubini. Mara zikajitokeza numuliti, zile foraminifera (viumbe wa seli moja wa baharini wenye gamba) bapa kama sarafu. (Ndizo zilizojaa kwenye mawe ya piramidi za Giza. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, alisimuliwa kwamba ni mabaki ya chakula cha wajenzi, kama dengu, yaliyogeuka mawe.) Numuliti zilitamba hasa enzi ya Eosini, miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, katika maji ya kina kifupi, maana zilifuga ndani yake miani inayotaka jua. Nikaandika: Eosini, bahari ya kina kifupi. Nikafunga daftari.

Mkuu wangu wa kazi alisogeza kioo kidogo tu. "Na hivi viduara?"

Vilikuwa Orbulina, vya mviringo kama mpira, viumbe walioelea bahari kuu na ambao hawakuwapo kabla ya miaka milioni 15 hivi iliyopita. Nikarudi kwenye numuliti zangu: kingo zimelika, nyingine zimevunjika, na tope lililojaa vyumbani mwake lina rangi tofauti na la jiwe lenyewe. Zilikuwa zimemomonyoka kutoka mwamba wa zamani zikaporomokea kilindini.

Kwa hiyo usimkimbilie mkubwa anayeonekana kwanza. Mtafute aliyezuka karibuni zaidi, kwa sababu mwamba hauwezi kuwa mkongwe kuliko yeye. Kisha tazama wenziwe. Waeleaji wakiwa wengi kuliko wakaao sakafuni, fikiria maji ya mbali na pwani. Milioli, foraminifera za sakafuni, zikijaa, fikiria wangwa uliotulia.

Asidi ya hidrokloriki iache kabisa ukitafuta foraminifera. Nyingi zimejengwa kwa kalsiamu kaboneti ileile ya jiwe, basi vyote vitayeyuka pamoja. Konodonti, vijimeno vya wanyama wa kale wa baharini, ni habari nyingine: ni za fosfati, na asidi ya siki iliyozimuliwa huyeyusha jiwe na kuziacha. Rangi yake hukupa nyongeza, kwani huanza manjano hafifu na kuwa nyeusi kadiri mwamba ulivyopata joto. Ila zilitoweka mwishoni mwa kipindi cha Triasiki, miaka milioni 201 iliyopita, hivyo usizisumbukie kwenye chokaa changa.

Jiwe likiwa laini la kuoshwa kwenye chekeche, kuna hatari mpya: mabaki ya sampuli ya jana yaliyonasa kwenye wavu. Kijidudu kimoja kigeni kinatosha kulifanya jiwe lionekane changa. Siku hizi, nikishaosha chekeche, nalichovya kwenye rangi ya buluu ya methileni kabla ya sampuli inayofuata. Chochote kitakachotokea mezani kikiwa cha buluu ni mabaki ya zamani, nami nakitoa kwa ncha ya brashi.