Spea, madeni na databesi: nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la spea za pikipiki hapa Morogoro, hesabu zote zipo Excel kwenye shiti moja ndefu, kila nikiuza naandika upya jina la fundi, simu yake na anachodaiwa. Juzi fundi mmoja kabadilisha laini, nikarekebisha mistari miwili, mingine nikasahau, sasa deni lake limekaa kama la watu wawili. Kijana mmoja ananiambia niweke databesi, yaani programu ya kutunza taarifa, inaitwa MySQL, mwenzie anasema hiyo imepitwa na wakati niende MongoDB. Zinatofautiana nini hasa?

JIBU: Pole sana kaka. Hapo kinachokuumiza ni taarifa moja kukaa sehemu nyingi, na jambo hili limesumbua wakubwa kabla yako, tena kwenye spea hizihizi. Mwaka 1966 kampuni ya kompyuta ya IBM na wenzake walianza kutengeneza databesi ya IMS ili kufuatilia vipuri vya roketi ya Saturn V, ile iliyopeleka watu mwezini. Ilipangwa kama mti: roketi ina injini, injini ina pampu, pampu ina nati zake. Ukishuka toka juu unafika haraka, ila kila tawi linatoka kwenye shina moja tu, sasa plagi inayoingia pikipiki za aina mbili utaiweka tawi gani?

1970 Edgar Codd, naye wa IBM, akaleta wazo la majedwali, na mimi mpaka leo nalipenda mno. Kwako yangekuwa matatu, mafundi, spea na mauzo, kila fundi anapewa namba yake na kwenye mauzo unaandika hiyo namba tu, simu ikibadilika unagusa mstari mmoja basi. Halafu kuna hili watu hawalisemi sana: ukikopesha tairi, stoo kupungua na deni kuongezeka vinafungwa pamoja, umeme ukikatika katikati hakibaki kimoja bila kingine. MySQL ni ya ukoo huu, na haijapitwa na wakati hata kidogo.

MongoDB, iliyotoka 2009, inatunza kila kitu kama hati yake yenyewe, betri iwe na volti, tairi liwe na saizi, bila kulazimishwa kolamu zilezile, inafaa sana kwa katalogi. Redis, databesi nyingine, ni kama pale stendi wanapotunza mizigo, toa namba upewe begi, lakini usiulize begi jekundu ni la nani. Zipo pia za kufuatilia nani anahusiana na nani, hizo kwako bado.

Kwa madeni chukua majedwali. Kama muuzaji ni wewe peke yako SQLite, nayo ya majedwali, inatosha, ni faili moja tu, hata simu yako ya Android inaitumia ndani kwa ndani, mkiwa wauzaji kadhaa kwenye kompyuta tofauti ndo MySQL. Anza na jedwali la mafundi, safisha majina yanayojirudia kabla hujahamisha deni hata moja, na kila jioni ukifunga duka weka kopi kwenye flashi uondoke nayo nyumbani.